Nywele za Fisi-maji na Pete ya Mama

Niseme ukweli mbele ya yote: mimi si mtu wa kungoja. Mama alikuwa akisema kwamba katika Butembo nzima ni mimi peke yangu niliyekula fufu ikiwa bado unga. Kwa hiyo siku ile Docteur alipokuja kunitafuta shuleni, niliikubali kazi yake kabla hajamaliza kunieleza ni kazi gani.

Ilikuwa miaka ya ile vita ya pili. Waasi walikuwa wameshika mji, na Kinshasa ilikuwa imekuwa nchi ya watu wengine. Nilifundisha kemia kwenye shule ya masista, kemia bila maabara, bila hata kibiriti. Nilichora chupa ubaoni kwa chaki, nikachora moto chini yake, wanafunzi wakakopi, halafu sisi wote tukakubaliana kwamba maji yamechemka. Donc mtu akikujia katika hali hiyo na kukwambia kuna kazi ya kweli, yenye wanyama wa kweli na majibu ya kweli, utafanya nini? Moyo wangu uliruka mpaka nikaangusha chaki.

Docteur alikuwa daktari wa wanyama, mtu wa Mutwanga, mzee wa buti nzito na maneno machache. Kabla ya vita alitibu wanyama wa parc, ile mbuga ya wanyama. Alinieleza polepole, nami nikimalizia sentensi zake kwa haraka, mara nyingi vibaya. Kule milimani watu walikuwa wameanza kuosha dhahabu kwa mercure, ile zebaki ya vitabu, kitu kinachong'aa na kukimbia kama maji lakini kizito kuliko chuma. Mito ile inashuka ziwani Edward. Ndani ya maji sumu inaingia katika vidudu, samaki wadogo wanakula vidudu, wakubwa wanakula wadogo, na kila mdomo unaongeza. Halafu akaniuliza ni nani anayekula samaki wa ziwa lile kila siku, asubuhi na mangaribi.

"Mama yangu," nikajibu.

Alicheka, na ndipo nikajua kwamba ana meno. Yeye alikuwa akimfikiria fisi-maji. Wengi hawamjui mnyama huyu: ana manyoya laini ya rangi ya kahawa na madoa shingoni, mkia mnene, na vidole anavyoshikia samaki kama mtoto anavyoshika muhindi wa kuchoma. Hali majani, hali matunda, ni samaki tu maisha yake yote. Sumu ikiwa ziwani, kwake itajikusanya kwenye nywele na kwenye ini. Ukitaka kujua chakula cha nyumba fulani, Docteur alisema, uliza yule asiyekula mahali pengine.

Lakini mimi sikuwa nimekosea sana. Mama aliuza samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwenye soko la Butembo tangu nikiwa mgongoni mwake. Baba alikufa mapema, akamwachia watoto sita na pete moja ya dhahabu kidoleni, na beseni la samaki ndilo lililotulea na kunifikisha chuoni. Kama ziwa lilikuwa na sumu, beseni lile lilikuwa limekwisha. Na sisi tuliokula vichwa na mikia miaka yote ile, sijui tungekuwa na nini ndani yetu. Nilienda Kyavinyonge kwa furaha, ndiyo, lakini swali la nyumbani nililibeba pia.

Docteur aliniomba kitu kimoja tu: nitafute chupa ndogo zinazofunga vizuri. Visu angeleta yeye. Wakati wa vita chupa haikuwa kitu cha kudharau. Butembo hatutupi kitu, hata kifuniko kina mwenyewe, na sokoni kulikuwa na mstari mzima wa bamama wanaouza chupa za zamani, za dawa, za bia, za mafuta ya nywele. Pale nikaziona: chupa nene, fupi kama dole gumba, zenye kizibo cha mpira kinachokaza hata upepo usipite. Nilizichukua zote. Nyumbani nikaziosha kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto, mara tatu, nikazianika juu ya bati mpaka zikang'aa. Kuuliza si ujinga, mimi mwenyewe nawafundisha watoto hivyo, mais yule mama muuzaji sikumuuliza chupa zilikuwa na nini. Nilikuwa na haraka ya kufurahi.

Tulishuka kwa pickup kupitia Kyondo. Unaondoka Butembo na baridi yake, umevaa tricot mbili, halafu njia inaanguka, joto linapanda miguuni, na ghafla ziwa lote linatokea kule chini. Nilipiga kelele. Nilikuwa nimekula ziwa lile maisha yangu yote na sikuwa nimeliona hata siku moja. Docteur alitazama upande mwingine kwa heshima, kama mtu aliyekuta mwenzake akilia.

Kwenye barrière ya mwisho, kizuizi cha waasi njiani, askari mmoja alifungua kikapu changu, akaona chupa, akasimama vizuri. "Wolo eza wapi?" akauliza kwa Kilingala chake. Dhahabu iko wapi. Nikamwambia hakuna dhahabu, tunaenda kutafuta nywele za fisi-maji. Alizibua moja, akainusa, akanitazama mimi, akaitazama chupa, akasema chupa hizi anazijua vizuri, ni za watu wa dhahabu. Nikacheka, nikamjibu kwamba leo zimepata kazi ya maana zaidi. Akatuacha tupite jinsi unavyomwacha mwendawazimu apite.

Jamani, hizo siku za Kyavinyonge! Hata leo nikizikumbuka nasikia joto. Wavuvi walituogopa kwanza. Walikuwa wamechoka na wageni, askari walikuwa wamewaua viboko kwa bunduki kubwa mpaka ufuko ulinuka wiki nzima, na sasa anakuja mwalimu mwanamke na kikapu cha chupa. Lakini fisi-maji hakuwa na rafiki pale. Anapasua nyavu, anaiba samaki, na akinaswa usiku anazama humo humo. Waliposikia kwamba tunamtaka yule mwizi, tena akiwa amekufa, na kwamba nyama na ngozi tunawaachia, walituletea kila walichovuta. Tulikata nywele za shingoni na kipande cha ini. Ini tulilikausha juani kwenye sahani safi, tukatia kila kitu kwenye chupa yake na namba yake. Mikono yangu ilinuka wiki mbili, nami nilijivuna kwa harufu ile.

Asubuhi ya mwisho nikamwona mmoja mzima. Alikuwa karibu na mitumbwi, amelala chali majini, ameshika samaki kwa mikono miwili na kumtafuna kuanzia kichwani. Alimaliza, akajigeuza, akapiga mbizi, akarudi na mwingine mara moja. Alikuwa mwepesi kupita maelezo. Docteur aliniambia nikumbuke vizuri nilichokiona, kwa sababu mnyama aliyeshikwa na zebaki anatetemeka na hawezi kufukuza hata chura. Nilisema ndiyo, nitakumbuka. Nikasahau kabla hatujafika Kyondo.

Chupa kumi na moja tulizipeleka Beni kwa Hadji, mtu wa magari, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na lori linalovuka mpaka kupitia Kasindi hata siku ambazo ndege haziruki. Ng'ambo kulikuwa na maabara iliyokubali kutupimia. Hadji aliuliza kama ndani kuna kitu cha kumfunga jela. Nilimwambia ni nywele za mnyama. Akasema amebeba maharagwe, amebeba wafu, amebeba bibi harusi, nywele hazitamshinda.

Nikangoja. Mimi! Kila gari lililoingia Butembo kutoka Beni nililijua kwa mlio wake. Darasani niliwaeleza wanafunzi habari ya fisi-maji mpaka wakaanza kumchora kwenye madaftari ya hesabu.

Barua ilifika msimu wa mvua. Hadji aliileta mwenyewe mpaka mlangoni. Ilikuwa karatasi moja yenye safu ya namba, na chini mtaalamu alikuwa ameandika kwamba hajawahi kuona zebaki nyingi namna ile kwa mnyama yeyote, na kwamba angependa kuzungumza nasi. Docteur alikuwa Mutwanga na njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Mtu mwenye akili angemngoja. Nimeshawaambia mimi ni nani.

Jioni ile ile nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya magoti, akaniuliza swali moja tu.

"Kesho niuze, ao nisiuze?"

"Usiuze, mama."

Hakuniomba nisome mara ya pili. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kwamba mimi najua, na kwake hiyo ilitosha. Kesho yake alienda sokoni, akasimama mahali pake, akalipindua beseni lake chini juu mbele ya watu wote. Kwetu mwanamke anapindua beseni siku ya kufiwa, au siku anapoiacha biashara. Bamama wa samaki wakamzunguka kumuuliza nani amekufa. Basi nikapanda juu ya meza nikawaeleza mimi, kwa sauti ya darasani, mdomo ukikimbia mbele yangu: sumu, ziwa, ini, mimba, watoto. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nimechangamka, vyote viwili pamoja, ninaona haya kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Soko la samaki lilikufa kwa siku tatu. Pickup za Kyavinyonge zilirudishwa na mizigo inayonuka. Wengine walilia. Mmoja aliyekuwa rafiki ya mama tangu ujana alimwambia samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwamba yule mmoja ni mtoto wake. Mama alitandika gunia, akaanza kuuza mafungu ya poireaux, vile vitunguu vya majani.

Wiki ikapita, ya pili ikapita. Mama hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Jumapili baada ya misa nilikuwa nafagia chumba changu, nikatoa sanduku la vitu vya safari ile, na chupa moja iliyobaki nikaiweka mezani. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliinua macho.

"Hii chupa ya batu ya zahabu inatafuta nini mu nyumba yangu?"

Nikamwambia ni moja ya zile tulizotilia mambo ya fisi-maji.

Mikono yake ikasimama. "Zile zote zilikuwa namna hii?"

"Zote, mama. Nilizisafisha sana, na majivu."

"Mercure haiogopake majivu," akasema.

Mahali pake sokoni palikuwa ukuta kwa ukuta na mnunuzi wa dhahabu. Kwa miaka alikuwa amemwona yule jirani akimimina mercure kutoka kwenye chupa kama hizi, fupi, nene, za kizibo cha mpira, kwa sababu hazivuji. Zikiisha zinauzwa kwa bamama wa chupa. Kila mtu Butembo alijua hivyo. Askari wa barrière alijua, tena kwa kuitazama tu. Mimi peke yangu, mwalimu wa kemia, ndiye sikujua. Nikasema nitakimbia kwa yule jirani, nitakimbia kwa Docteur, nitakimbia sijui wapi.

Mama aliinuka, akachukua sabuni, akaenda kwenye beseni la kunawia. Alikaa pale kitambo akihangaika na kidole chake. Pete ya baba haikuwa imetoka tangu siku ya ndoa. Ilipotoka ilimwachia alama nyeupe ya ngozi, na alama ile niliiona kabla ya pete yenyewe.

"Tia," akasema.

Nilimwambia hapana, mama, hiyo ni pete ya baba. Akasema ndiyo sababu itasema ukweli. Mercure haipiti karibu na dhahabu bila kuikumbatia, hata yeye alijua, alikuwa ameiangalia kazi hiyo miaka yote akifukuza nzi. Nikaitia. Nikafunga kizibo, nikatikisa, pete ikagonga kioo, tukahesabu pamoja mpaka mia. Halafu nikaimimina kwenye sahani.

Upande mmoja ulikuwa umegeuka mweupe kama kijiko. Na mbele ya macho yetu ule weupe ulikuwa bado unatembea. Nikageuza kizibo, nikafungua mkunjo wa mpira kwa ncha ya wembe, na pale ndani kulikuwa na tone moja, dogo kama jicho la sisimizi, linanimetia.

Niliruka juu. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mama na majani yake ya sombe. Si samaki! Ni chupa! Nilikuwa tayari mlangoni, naenda kupanda tena juu ya meza ya soko kutangaza kwamba samaki ni wazima, na mama akanishika nguo.

"Kaa kwanza. Chupa ni muchafu, hiyo sasa tunajua. Samaki, bado hatujue."

Nikakaa. Miaka minne ya chuo sikuwa nimesikia mtu akisema sayansi kwa ufupi namna ile.

Kesho yake nilienda sokoni kweli, lakini sikupanda meza. Nilisimama chini, katikati ya bamama, nikawaambia kosa lilikuwa langu: nilitumia chupa za mercure na sikuuliza zimetoka wapi. Mlango wa ukweli ni mwembamba, nilipita kwa tumbo. Waliguna, walitukana kidogo kwa Kinande, halafu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu, mmoja alisema, siku nyingine ukitaka chupa utuulize sisi wajinga. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi kuuza, maana njaa haingoji maabara. Lakini mama alibaki na poireaux zake. Walimwambia basi, mambo yamekwisha, geuza beseni. Akawajibu kwamba aliacha kwa sababu ya barua, na atarudi kwa sababu ya barua. Hakutaka kumlisha mtoto wa mtu kwa bahati.

Njia ilipofunguka, Docteur alikuja. Nilimwonyesha pete ndani ya chupa yake, kwa sababu tulikuwa tumeirudisha humo tukafunga. Aliiangalia muda mrefu. Hakunitukana, akanikumbusha tu yule fisi-maji aliyekula chali, mwepesi, bila kutetemeka. Akatukataza kuichoma pete motoni ili irudi rangi yake, kama wanunuzi wanavyofanya, maana moshi ule ndio sumu kubwa. Kwa hiyo ikakaa hivyo hivyo, kwenye rafu, kando ya rozari.

Tulirudi Kyavinyonge. Mara hii nilinyamaza kwenye barrière. Wavuvi walituletea fisi-maji tena, na kazi ilikuwa tamu kama mara ya kwanza, labda zaidi, kwa sababu sasa niliogopa kila kitu nilichogusa. Hadji alipokea mzigo akauliza safari hii amebeba nini. Nikamwambia beseni la mama yangu. Akatikisa kichwa, akaupakia mbele, karibu na kiti chake.

Miezi ikapita. Mama aliuza poireaux, akala kidogo. Kuna siku nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wa jikoni, mahali lile beseni lilipokuwa limening'inia, anapangusa vumbi lake kwa kitenge halafu analirudisha.

Barua ya pili ilifika asubuhi, mimi nikiwa darasani. Niliifungua mbele ya wanafunzi, nikaisoma, nikaacha somo katikati, nikakimbia kutoka shule mpaka sokoni na chaki mkononi, kwenye mtelemko ule wa matope, watu wakidhani vita imeingia mjini. Nilifika kwa mama bila pumzi. Nilifungua mdomo.

Mama akainua mkono, ule wa kidole kitupu.

"Mbele ya kunisomea," akasema, "niambie kwanza: mulitia mu nini?"

"Mu karatasi, mama. Mupya, ya paketi yenye haijafunguliwa. Docteur njo alikunja, alinawa kwanza."

"Na weye ulikuwa wapi wakati alikuwa anakunja?"

"Nilikuwa nashika miguu ya fisi-maji."

Alifikiri. Bamama wa samaki walikuwa wamesimama pande zote, visu mikononi. Hata jirani wa dhahabu alikuwa ametoka mlangoni kwake.

"Sasa soma," mama akasema.

Nikasoma. Zebaki ilikuwapo, kidogo, kama inavyokuwapo katika ziwa lolote, na mtaalamu aliandika kwamba kwa sasa hakuna sababu ya kumzuia mtu kula. Aliandika pia tuendelee kupima kila mwaka, maana dhahabu ilikuwa bado inaoshwa milimani. Hayo yote niliyasoma, mpaka sahihi, mpaka tarehe. Mama aliniomba nirudie ile sehemu ya kupima kila mwaka, nikarudia.

Halafu akakunja gunia la poireaux, akanituma nyumbani nikalete beseni.